Kitufe cha Tano

Kwa miaka mitatu watu wa Kitale walikuwa wakiniuliza ninasomea nini, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikiwadanganya. Mwanzoni nilisema ukweli: nachunguza muundo wa ndani na uimara wa aloi za metali sugu zenye mchafuko mkubwa. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Pole sana." Tangu siku hiyo nikiulizwa nasema nasomea uinjinia. Watu hutabasamu, kisha huniletea redio mbovu.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza, ila sisi wa maabara hupenda mwamini kwamba ni ngumu. Chuma unachokijua wewe, cha panga na cha jembe, kina mwenye nyumba mmoja na wageni wachache. Mwenye nyumba ni chuma chenyewe. Wageni ni kaboni na wenzake, nao hukaribishwa kwa kiasi, chembe hapa chembe pale, wasije wakajaa sebuleni. Ndivyo binadamu wamekuwa wakichanganya metali tangu wajue moto. Halafu wakatokea watu wakauliza: na kama hakuna mwenye nyumba? Chukua tungsteni, molibdeni, niobi na tantali, kila mmoja fungu sawa, uziyeyushe pamoja uone. Ni kamati isiyo na mwenyekiti. Ukizijua kamati za kwetu ungeapa kwamba kitu hicho hakiwezi kusimama hata dakika tano.

Kinasimama. Atomu hujipanga kwenye vijisanduku, moja kila kona na moja katikati, lakini nani anakaa wapi ni bahati nasibu, na huo ndio mchafuko wenyewe. Kwa kuwa wengine ni wanene na wengine wembamba, safu hazinyooki, na safu zisizonyooka haziteleziani kwa urahisi. Kwa hiyo aloi hii hubaki imara kwenye joto ambalo lingegeuza chuma cha kawaida kuwa uji. Ubaya wake ni mmoja. Ikipoa inakuwa kama biskuti. Ukiibana inapasuka bila hata kuaga. Dunia nzima inatafuta ile itakayostahimili moto na bado ikubali kupindika ikiwa baridi, na mimi, mtoto wa Kitale niliyekuwa nikipewa redio nitengeneze, nilikuwa nimeipata.

Au ndivyo nilivyoamini, na msimamizi wangu pamoja nami.

Tanuri letu chuoni lilikuwa sahani nene ya shaba yenye maji yanayopita chini yake, na juu yake umeme uliolia kama wa mchomeleaji. Unaweka vipande vyako vya metali, unaviyeyusha, vinaganda kuwa kitufe cha ukubwa wa kizibo cha soda. Sheria ni kwamba ukishayeyusha unakipindua, unayeyusha tena, unapindua tena, mara tano. Metali nzito hukaa chini kwenye shaba ya baridi na hazipendi kuchanganyika na wengine. Kulikuwa na fomu yenye visanduku vitano vya kuwekea tiki, ukutani, karibu na mlango.

Nilitengeneza vitufe vitano vya mapishi yaleyale. Kutoka kila kimoja nilikata kijiti kidogo nikakibana kwenye mashine. Cha kwanza, pa! Cha pili, pa! Cha tatu na cha nne vilipasuka hata kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Cha tano kikabonyea. Kikaendelea kubonyea, kikawa bapa, na hakikupasuka. Msimamizi wangu, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake tangu nimjue, alicheka. Aliwaita watu wa ofisi za jirani waje waone. Baada ya hapo tuliandika sura nzima kuhusu kitufe cha tano, na vile vinne tukavitia chini ya jedwali kwa herufi ndogo, tukaviita sampuli zenye kasoro. Vinne vilivunjika, kimoja hakikuvunjika, na sisi watu wawili wenye akili timamu tukaamua kwamba vile vinne ndivyo vyenye makosa.

Zikabaki wiki mbili niwasilishe tasnifu. Nikaja nyumbani Kitale kuandika hitimisho, kwa sababu kwa Mama kuna chakula na hakuna mtu anayejua neno tasnifu. Mabaki ya vitufe vyangu vitano nilikuwa nayo kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, kila kimoja na namba yake. Mama alikipima kimoja kwenye kiganja.

"Kitu kidogo hivi na uzito wote huu," akasema. "Na kazi yake ni gani?"

"Injini za ndege, Mama."

"Sawa. Basi kabla haujapanda ndege, peleka jembe yangu kwa khocha wako. Imelegea."

Kwetu kaka wa mama huitwa khocha, naye humwita mtoto wa dada yake mwiwa. Khocha wangu ni mhunzi mjini Bungoma. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake hivyohivyo. Siku ya kwanza chuoni tuliulizwa kama kuna yeyote kati yetu aliyetoka kwenye familia ya watu wa metali. Mwenzangu mmoja alisema babake ana kiwanda. Mimi nilisema hapana. Niliona haya, na leo naona haya kwamba niliona haya.

Nilichukua jembe, na nilichukua kikopo pia. Sitaki kujifanya mtakatifu. Sikwenda Bungoma kupeleka jembe, nilikwenda kuringa.

Banda la Khocha liko kwenye safu ndefu ya mabanda karibu na reli: wahunzi, wachomeleaji, watu wa kupiga rangi baiskeli. Kelele zake ukizizoea unaweza hata kulala. Fuawe yake ni kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo, na sijawahi kumuuliza kilitoka wapi, kwa sababu nampenda mjomba wangu. Makaa hupulizwa na feni ya kuzungusha kwa mkono. Majembe huanza maisha yakiwa springi za lori.

Nilimkuta na mteja, mama mmoja wa Kapsokwony aliyetaka jembe zito la kulima kwenye mawe ya mlimani. Jembe lilikuwa tayari, limenolewa, linang'aa. Khocha hakumpa jembe. Alimpa nyundo.

"Piga," akasema.

"Na kama nikivunja?"

"Ikivunjika hapa ni yangu. Ikivunjikia huko kwenu mrimani, utanitukana na mimi sitasikia."

Ndio utaratibu wake, na aliurithi. Hakuna chombo kinachotoka kwenye banda lile kabla mwenye kukinunua hajakipiga mwenyewe mara tatu juu ya reli, kwa nguvu zake zote, wala si kwa adabu. Yule mama hakuwa na adabu hata kidogo. Aliinua nyundo kwa mikono miwili, akapiga, akapiga, na mara ya tatu kona ya jembe ikakatika ikaruka mpaka kwa jirani.

Khocha akajinyoosha. Akaweka mkono kando ya mdomo na kupaza sauti kwa safu yote ya mabanda: "Imevunjika! Ni yangu! Nilipoza vibaya!"

Nyundo zikanyamaza kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Mtu asiyeonekana akajibu, "Tumesikia!" Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema pole. Kisha kelele zikarudi, Khocha akatupa springi nyingine kwenye moto, na yule mama akakaa kwenye gogo akafungua mfuko wake wa njugu karanga. Nimeona jambo hili tangu nikiwa mdogo. Nilipoenda chuo nililiweka kwenye fungu la mambo ya watu wasio na mashine.

"Mwiwa," Khocha akaniambia, akijipangusa uso. "Mama yako ananiambia unaunda ndege."

Nikafungua kikopo. Nikavipanga vitufe vyangu juu ya reli, cha kwanza hadi cha tano, nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa kweli, kuliko nilivyowahi kueleza mbele ya maprofesa. Nilimwambia habari za kamati isiyo na mwenyekiti, akacheka sana, kwa sababu yeye ni mweka hazina wa kamati tatu. Nilimwambia kwamba hivi vinne ni vibovu na hiki cha tano ndicho kitakachonivalisha joho.

Akachukua nyundo ndogo, ile ya kunyooshea visu, akainamisha sikio. Akagonga cha kwanza. Ting. Cha pili, ting. Cha tatu na cha nne, vilevile. Akagonga cha tano. Mimi sikusikia tofauti yoyote, naapa. Yeye alikigonga tena, akakigeuza, akagonga upande wa pili.

"Hii iko na mtu ndani," akasema.

"Mtu?"

"Kitu. Hizi zingine kila moja ni moja. Hii ni mbiri."

Nilitabasamu lile tabasamu tunalofundishwa kuwapa wazazi wa watu. Nikatoa simu nikamwonyesha picha niliyopiga kwa hadubini: matawi madogomadogo yaliyopangana kama majani ya mnazi, mahali metali ngumu zaidi ilipoanza kuganda, na kati ya matawi zile laini zilizochelewa. Picha nzuri sana. Iko kwenye ukurasa wa mbele wa sura yangu. Khocha aliitazama kwa heshima, akirudisha kichwa nyuma kama mtu asiye na miwani.

"Hii picha ulipiga wapi?"

"Hapa pembeni."

"Na katikati?"

"Katikati ni hivyohivyo."

"Uliona?"

"Sikuona, Khocha, lakini ndivyo inavyokuwa."

"Haya." Akanipa nyundo kubwa. "Piga."

Nikakataa. Kwanza nilikataa kwa kucheka, kisha alipoendelea kuninyooshea nyundo nikakataa kwa hasira. Nilimwambia hiki hakipigwi. Nilimwambia kimeshapimwa na mashine inayojua kazi yake. Nilimwambia yeye anachoma springi za lori kwa makaa na hajui hata zina nini ndani, na mimi nimekaa darasani miaka yote hiyo ili nisiwe mtu wa kugongagonga na kubahatisha. Nilisema hayo kwa sauti ambayo wachomeleaji wa pande zote mbili walisikia. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa naogopa, lakini wakati huo nilidhani nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa na akili.

Khocha hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Umesema hii ni ya ndege?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ndege, nani atapanda?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Khocha. Watu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye feni yake.

Nikaenda kukaa kwenye gogo kando ya mama wa Kapsokwony. Akanimiminia njugu kiganjani bila kuniuliza kitu. Nikawa natafuna na kutazama kitufe changu kikiwa peke yake juu ya reli, na hapo, bila kuitwa, ile Ijumaa ikanijia.

Ile Ijumaa niliyotengeneza kitufe cha tano, umeme ulikatika baada ya kukipindua mara ya pili. Nilingoja kama saa moja. Umeme haukurudi, nami nilikuwa na njaa, nikaenda zangu. Jumatatu nilikikuta tanurini, baridi, kinang'aa kama kimetoka dukani. Nikatazama fomu ukutani. Visanduku vyote vitano vilikuwa na tiki. Nilikuwa nimeviwekea tiki asubuhi ile ya Ijumaa, kabla hata ya kuwasha tanuri, kama nilivyofanya kila siku, kama tulivyofanya sote, kwa sababu kalamu ilikuwa ikipotea na ukiipata unamaliza kazi zake zote mara moja. Nilisimama pale labda muda wa pumzi mbili. Kisha nikakitoa kitufe nikakiandika namba tano. Baada ya hapo nilisahau, kule kusahau ambako mtu hujitahidi.

Naomba nieleweke. Hakuna mtu angejua. Kile kijiti kilichobanwa kilikuwa tayari bapa, kimefungiwa kwenye droo. Picha ilikuwa safi. Nusu ya kitufe iliyobaki ilikuwa yangu, ndani ya kikopo changu cha mafuta. Kati yangu na joho hapakuwa na chochote isipokuwa sikio la mzee mmoja wa Bungoma, na sikio la mzee haliandikwi kwenye orodha ya marejeo. Nikikipiga na Khocha akawa amesema kweli, hakuna sura, hakuna makala, hakuna kuhitimu mwaka ule, na msimamizi wangu angerudisha meno yake alikoyatoa. Nilitaka sana lile joho. Nilikuwa nimeshapimwa.

Nikasimama. Nikachukua nyundo.

Pigo la kwanza lilimega ukingo. Nikajiambia ukingo si kitu. Pigo la pili lilipasua ganda lote, likaanguka kutoka kwenye reli vipandevipande, vikali, vya kijivu kinachong'aa, sawasawa kabisa na vitufe vinne nilivyoviita vibovu. Katikati kikabaki kitu kidogo cha rangi ya samawati iliyofifia, mviringo, kizima. Nikakipiga. Hakikupasuka. Kilibonyea, kwa upole, kama kinanijali.

Nilikitambua. Nilikuwa nimekipima mwenyewe kwenye mizani kwa koleo ndogo. Kilikuwa kile kipande cha tantali, kilikaa chini kwenye shaba ya baridi, hakikuyeyuka, hakikuchanganyika na mtu yeyote. Donge. Donge la unga mkavu katikati ya ugali wa mtu aliyepika huku anaongea na simu. Na tantali tupu hubonyea bila kupasuka, na kile kijiti nilikuwa nimekikata humohumo katikati. Watu walijua hivyo kabla Khocha hajazaliwa. Aloi yangu ya ajabu haikuwa aloi. Nilikuwa nimeandika sura nzima kumsifu mgeni aliyekataa kuingia kwenye sherehe.

Nilitaka kulia, nikacheka, na kicheko chenyewe kikawa kibaya kusikiliza. Ndipo nilipogundua kwamba safu nzima ilikuwa kimya. Nyundo zimesimama. Mchomeleaji wa jirani ameinua kinyago chake. Walikuwa wananingoja.

"Imevunjika," nikasema.

"Hawajasikia," akasema Khocha, hakunitazama.

"Imevunjika!" nikapiga kelele. "Ni yangu! Sikuigeuza! Niliweka tiki na sikuigeuza!"

"Tumesikia!" sauti ikajibu kutoka mbali, na nyundo zikaendelea na kazi zake.

Mama wa Kapsokwony akamuuliza Khocha, "Na huyu pia anatengeneza majembe?"

"Hapana. Huyu ni wa ndege."

"Aii. Basi afadhali imevunjikia hapa."

Nilienda nyuma ya banda, upande wa njia ya treni, ambako angalau unaweza kusikia simu. Nilimpigia msimamizi wangu kabla ujasiri haujapoa, kwa sababu najijua. Nikamwambia yote: umeme, fomu, tiki, donge. Nikamwambia kwamba vitufe vinne vilivyopasuka ndivyo vilivyosema kweli, na kwamba aloi yetu ni biskuti kama za watu wengine. Nilimsikia akivuta kiti.

"Una uhakika ni tantali?"

"Nina uhakika, Daktari."

"Inaweza kuwa ni hicho kipande kimoja tu."

"Hicho kipande kimoja ndicho matokeo yetu yote."

Nikamsikia akipekua karatasi. Nyuma yangu Khocha alikuwa ameanza kulifua jembe la pili la yule mama.

"Umekikatia wapi? Maabara gani?"

"Sikukikata. Nimekipiga nyundo. Niko Bungoma, kwa mjomba wangu. Ni mhunzi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtamkia mtu wa chuo neno hilo, na halikuniunguza. Msimamizi wangu akashusha pumzi. Si mtu mbaya. Naye ana wakubwa wake, naye makala ile alikuwa ameshawaambia watu. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Sikiliza. Huko ulipo, kuna mtu yeyote wa chuo ameona?"

Nilifungua kiganja. Lile donge bado lilikuwa na joto la nyundo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na alikuwa akinipa mlango, na mlango ulikuwa wazi.

"Mimi nimeona, Daktari," nikasema.